Sec ama Tat: protini yako uipitishe mlango gani wa bakteria?

Kila muhula lazima nipate hili swali kutoka kwa wadogo zangu wanaofanya projekti za masters, awe wa Maseno, wa Kakamega ama wa kule Njoro: nikitaka E. coli, bakteria wetu wa maabara, initolee protini yangu nje ya saitoplazimu, yaani ule ute wa ndani ya seli, niagize plasimidi (kiduara cha DNA kinachobeba jeni) yenye ishara ya Sec ama ya Tat, ile milango miwili ya kupitisha protini? Na ukimwuliza mwenyewe anapendelea gani, mara nyingi atasema Tat, juu amesoma kwamba Tat inapitisha protini nzima ikiwa imeshajikunja kuwa umbo lake la kufanya kazi, na si kitu kinachopita kizima kitakuwa kizuri kuliko kilichopita kimefumuliwa? Hapana, sivyo. Nimezitumia zote mbili hapa Kisumu, flaski zikizunguka kwa sheka usiku kucha na mimi nikiomba stima isipotee, na ninachoweza kukwambia ni kwamba swali la mlango linakuja la pili. La kwanza ni: protini yako inataka kujikunjia wapi?

Turudi nyuma kidogo ndo tuelewane. E. coli ina tando mbili, wa ndani na wa nje, na katikati yake kuna nafasi nyembamba inaitwa periplasimu. Tukisema "kutoa" protini kwa Sec ama kwa Tat tunamaanisha kuvuka utando wa ndani tu, inaishia hapo kwa periplasimu. Wengi wanakosea hapa, wanatafuta protini yao kwa yale maji ya kukuzia bakteria, haiko, wanadhani projekti imekufa na kumbe iko tu hapo katikati imetulia.

Sasa twende Kibuye, sokoni, kwa mafundi wa fanicha. Ukinunua kitanda pale, kikifika kwako hakiingii mlangoni kikiwa kimesimama, unafungua boliti, mbao zinapita moja moja, na mkishafika chumbani ndo mnakifunga upya. Hiyo ndo Sec. Lakini kochi halifunguki hivyo, fundi ameshapiga misumari, ameshaweka sponji na kitambaa, hilo lazima lipite vile liko na mlango ufunguliwe wote. Hiyo ndo Tat. Na ona kitu kimoja: kama spana iko chumbani peke yake, hakuna vile kitanda kitafungwa sebuleni, hata ukitaka. Shika hiyo ya spana, nitairudia.

Mlango wa Sec wenyewe ni SecY, ikisaidiwa na SecE na SecG. Umbo lake lilionekana vizuri mwaka wa 2004, kutoka kwa kiumbe mmoja wa jamii ya arkea anaitwa Methanocaldococcus jannaschii, na ni kama kibuyu kilichobanwa kiunoni, juu pana, chini pana, katikati tundu dogo sana na kipande cha protini kimeziba hapo kama kizibo. Kwa hicho kiuno hakipiti kitu kilichojikunja, unapita uzi. Kwa hivyo protini lazima ifike bado haijajikunja, na baadhi zinashikwa na SecB, mlezi ambaye kazi yake ni kuhakikisha hazijifungi njiani, halafu SecA inachoma ATP, nishati ya seli, ikizisukuma kipande kwa kipande. Mbele ya protini kuna kipande cha ishara, asidi amino 20 hadi 30 hivi, mwanzo wake una chaji chanya, katikati panachukia maji, na mwisho kuna mahali pa kukatwa ambapo mara nyingi utakuta alanini. Ikishapita, hicho kipande kinakatwa na protini inabaki safi. Hili wazo kwamba protini inabeba anwani yake yenyewe ndilo lililompa Günter Blobel tuzo ya Nobel mwaka wa 1999.

Tat ni habari nyingine kabisa, na mimi hupenda sana kuieleza huku kwetu kwa sababu mojawapo ya protini zake za kwanza kujulikana ilitoka kwa mahindi. Mwaka wa 1997 watafiti walionyesha kwamba jeni ya mahindi inayoitwa Hcf106 inahitajika ili protini fulani zivuke tando zilizo ndani ya kloroplasti bila kutumia Sec, na mwaka uliofuata, 1998, jeni ndugu zake zikapatikana zinafanya kazi hiyo hiyo ndani ya E. coli. Kwa hivyo kila shamba la mahindi unalopita ukienda Kitale lina huu mlango ndani ya majani yake. Kwa E. coli wahusika wakuu ni TatA, TatB na TatC. TatB na TatC zinasoma ishara, ambayo ni ndefu kuliko ya Sec na ina asidi amino mbili za arijinini zimekaa bega kwa bega, halafu TatA nyingi zinakusanyika hapo na mzigo unapita. ATP haichomwi, nguvu inatoka kwa tofauti ya protoni kati ya pande mbili za utando. Na si bei ndogo: kipimo kilichofanywa kwa kloroplasti kilionyesha karibu protoni 80,000 zinatumika kupitisha protini moja tu. Elfu themanini! Seli haiwezi kulipa hivyo kama kuna njia rahisi, ndo maana E. coli inapitisha protini kama 30 tu kwa Tat, na zile zingine nyingi sana zinazotoka zote zinaenda Sec.

Hizo 30 ni gani? Nyingi ni vimeng'enya vinavyobeba madini ama kitu kingine kinachopachikwa ndani ya saitoplazimu pekee. TorA kwa mfano inabeba molibdenamu, na ile molibdenamu inawekwa wakati protini inajikunja, huwezi kuipitisha kama uzi halafu utegemee kuipata upande wa pili. Kuna hata haidrojenezi ambazo kipande kimoja kina ishara na kingine hakina, zinashikana kwanza ndani halafu zinapita pamoja, mmoja amelipa nauli na mwingine amebebwa. Sec haiwezi kufanya hiyo, haijalishi umeibembeleza vipi.

Kama nina dakika tano tu za kumwonyesha mwanafunzi tofauti ya hii milango, natumia protini mbili. Ya kwanza ni PhoA, kimeng'enya cha E. coli yenyewe, ambayo ina vifungo viwili vya salfa, yaani sisteini zinashikana mbili mbili. Saitoplazimu ya E. coli ya kawaida hairuhusu hivyo vifungo vifungwe, lakini periplasimu iko na DsbA ya kuvifunga na DsbC ya kurekebisha vilivyofungwa vibaya. Hiyo ndo spana ya chumbani. PhoA ikibaki ndani haifanyi kazi, ikivuka inafanya, na ukiweka BCIP, kemikali ambayo PhoA huigeuza bluu, kwa agari makoloni yanakuwa bluu. Ya pili ni GFP, ile ya kung'aa kijani. Hiyo inajikunja vizuri ndani ya saitoplazimu, lakini ukiivukisha kama uzi kupitia Sec inashindwa kujipanga upande wa pili na haing'ai kabisa. Ukiipitisha Tat, imevuka ikiwa tayari na inang'aa. Kwa hivyo protini moja inafanya kazi kwa sababu imejikunjia nje, na nyingine kwa sababu imejikunjia ndani, na sasa unaona kwa nini kuuliza mlango gani ni bora hakuna maana kama hujataja protini.

Hii ya GFP niliilipia mwenyewe. Nilikuwa nimeunganisha protini yangu na GFP ili nione kwa macho kama inatoka, mbele nikaweka ishara ya PelB, ambayo ni ya Sec na kila mtu anayo kwa friza. Nikakuza, nikaweka IPTG, kemikali ya kuwasha jeni, nikapeleka plate kwa taa ya UV, giza. Nikarudia, giza. Wiki tatu nilikuwa nalaumu plasimidi, nalaumu IPTG ya zamani, nalaumu sheka. Mwishowe nikafanya kipimo cha kingamwili na nikakuta protini iko, tena nyingi, na ishara imeshakatwa, kumaanisha ilivuka vizuri kabisa. Ilikuwa imefika, haikuwa imejikunja. Nikatoa PelB nikaweka ishara ya TorA, na pembeni nikatengeneza nyingine ambayo zile arijinini mbili nimezibadilisha kuwa laisini mbili, juu hiyo badiliko ndogo inafunga mlango wa Tat. Nilipotoa periplasimu nikaziweka tyubu mbili sako kwa bako juu ya taa ya bluu, moja ilikuwa kijani ya kukolea na nyingine maji tu. Sijasahau hizo tyubu.

Kitu kingine ambacho lazima uangalie ukilinganisha ni kiasi. Sec inabeba mzigo mkubwa zaidi. Tat inajaa haraka, ukilazimisha seli itengeneze nyingi kuliko milango iliyopo, zinabaki ndani zimejikunja na hazina pa kwenda, na ndo maana watu wengine wanaongeza nakala za jeni za Tat (tatABC) kwa plasimidi ya pili, ambayo inasaidia lakini sasa unakuwa na plasimidi mbili za kulisha antibayotiki na kulinda. Lakini Sec nayo ikiziba ni mbaya zaidi. Protini ikiwahi kujikunja kabla ifike, inaingia nusu inakwama kwa tundu, na sababu kila kitu muhimu kinapita hapo hapo, seli inakufa. Watu walijua hii kitambo sana walipounganisha ishara ya Sec na LacZ, lile protini kubwa, likakwama kwa mlango na bakteria wakaacha kukua. Dalili yake utaiona kwa namba zako, umeweka IPTG na baada ya saa moja OD, kipimo cha wingi wa seli, imesimama pale pale haipandi. Ukiona hivyo usiongeze IPTG, punguza, na ushushe joto.

Tofauti hii ya uzito inaonekana hata ukivunja jeni zenyewe. E. coli bila SecY ama SecA haiishi. Bila Tat inaishi, lakini ukiiangalia kwa darubini utaona seli zimeunganika minyororo mirefu kama shanga, kwa sababu AmiA na AmiC, ambazo zinasaidia kutenganisha seli zikigawanyika, hupita Tat na sasa hazifiki. Kama una darubini ya kawaida ya mafuta unaweza kuiona hii mwenyewe, ni nzuri sana.

Kuhusu joto, wacha niseme kitu kwa wenzangu wa kanda hii. Maelekezo mengi yanasema kuza kwa "joto la chumba" usiku mzima. Joto la chumba la nani? Meza yangu hapa Kisumu mchana iko karibu 30, ya rafiki yangu wa Njoro asubuhi ni baridi hadi anavaa sweta chini ya koti la maabara. Protini ile ile, plasimidi ile ile, yeye anapata iliyoyeyuka na mimi napata mabonge. Weka mashine kwa 25 ama chini na uandike namba, usiandike "chumba".

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijui na mimi naipenda. Sec ina namna mbili za kupokea mzigo. Moja ni ile ya SecB na SecA, protini inaisha kutengenezwa kwanza halafu inasukumwa, na ishara za PelB, OmpA na PhoA kwa kawaida zinaenda hivyo. Ya pili ni SRP, ambayo inashika ribosomu wakati bado inatengeneza, inaipeleka mlangoni, na protini inavuka huku bado inaandikwa, haipati nafasi ya kujikunja mapema. Ishara ya DsbA inatumia hii. Thayoredoksini inajikunja haraka sana, ukiiwekea ishara ya PhoA karibu haitoki kabisa, lakini ukiiwekea ya DsbA inatoka. Kwa hivyo protini yako ikikataa PelB, kabla ya kukimbilia Tat jaribu ya DsbA kwanza, hasa kama ina vifungo vya salfa.

Juu hapo kwa salfa Tat inakuangusha. Tat inakagua, protini ambayo haijajikunja vizuri inarudishwa. Sasa protini inayohitaji vifungo vya salfa ndo isimame haiwezi kusimama ndani ya saitoplazimu ya kawaida, kwa hivyo haitakubaliwa mlangoni. PhoA yenyewe imejaribiwa kwa Tat na ilipita tu kwa bakteria waliobadilishwa jeni za trxB na gor ili saitoplazimu iruhusu hivyo vifungo. Inawezekana, lakini hao bakteria ni wa kununua na ni wazito kukua, na ukiwa na bajeti ya mwanafunzi sioni kwa nini upitie huko kama Sec inakupa DsbA ya bure.

Na pia kuna chaguo la kutotoa kabisa. Naona watu wanatoa protini nje kwa sababu tu inasikika kitaalamu. Taq, kimeng'enya cha kunakili DNA kwa PCR, inatengenezwa ndani ya saitoplazimu, unapasua seli, unachemsha kwa joto la 75 hivi, protini za E. coli zinaganda na Taq inabaki, kwisha. Hata insulini ya binadamu ya kwanza kutoka kwa bakteria, iliyoruhusiwa Marekani mwaka wa 1982, haikupitia huu mlango, ilitengenezwa ndani na kupangwa baadaye kiwandani. Protini isiyo na salfa za kufunga na isiyosumbua seli, iache ndani.

Lakini faida ya periplasimu kwa maabara zetu ni ya maana na siwezi kuipita. Huhitaji mashine ya kupasua seli kwa sauti, ambayo kwingi imeharibika ama ina foleni. Unahitaji barafu, sentrifuji na sukari. Unachukua seli, unaziloweka kwa sukrosi ya asilimia 20 yenye Tris na EDTA kidogo, hiyo sukrosi ni ile ile ya miwa tunayoijua kutoka Mumias lakini tumia ya maabara iliyo safi. EDTA inanyang'anya utando wa nje magnesiamu inayoushikilia, na sukari inavuta maji seli inasinyaa. Dakika kumi, unazungusha, unamwaga, halafu unazirusha kwa maji ya barafu yenye MgSO4 ya milimola 5, kwa nguvu, mara moja, usifanye pole pole. Maji yanaingia kwa kasi, utando wa nje unaachilia, na kilichokuwa periplasimu kinatoka huku saitoplazimu imebaki ndani. Ukizungusha tena, ile ya juu ndo yako, na tayari ni safi kuliko seli iliyopasuliwa yote. Pima pia kimeng'enya kimoja kinachokaa ndani pekee, kikionekana kwa wingi hapo juu ujue ulipasua seli na majibu yako ya "imetoka" hayana maana.

Kama unataka itoke hadi nje kabisa, hiyo ni mlango wa pili na E. coli ya maabara si hodari huko. Bakteria wenyewe wanajua. Sisi wa kando ya ziwa kipindupindu tunakijua, na sumu yake inapita hivi: vipande vyake A na B vinavuka utando wa ndani kwa Sec kama nyuzi, vinajikunja na kufungwa salfa kwa periplasimu, vinaungana, kimoja cha A na vitano vya B, halafu mtambo mwingine unaoitwa aina ya pili unavitoa vikiwa vizima kupitia utando wa nje. Yaani kitanda kimepita vipande, kimefungwa chumbani, na kikatolewa kizima kwa mlango wa nyuma. Himolisini ya E. coli nayo inapita tando zote mbili kwa mkupuo mmoja, na ishara yake iko mwisho wa protini, si mwanzo. Salmonella wana sindano. Lakini kwa projekti ya miaka miwili, mtu anayetaka protini ndani ya maji amfikirie Bacillus subtilis, ana utando mmoja tu, akitoa Sec imetoka.

Sasa niwajibu wale wawili walioniandikia mwezi huu. Dada yangu wa Njoro, wewe una kingamwili kidogo cha ngamia, kina kifungo cha salfa, hakibebi madini, kwa asili kilikuwa cha kutoka nje. Chukua PelB, Sec, joto 25, IPTG kidogo, toa kwa sukrosi na barafu. Ikisumbua badilisha ishara iwe ya DsbA, usiguse kingine. Na ndugu yangu wa Kakamega mwenye kile kimeng'enya cha shaba cha kula rangi za nguo, kabla hujaagiza chochote weka mfuatano wako kwa SignalP 6.0, programu ya kompyuta inayotenganisha ishara za Sec na za Tat, na uangalie pia ndugu zake. CueO ya E. coli ni wa ukoo huo na hupita Tat, kwa hivyo anzia Tat. Lakini siku ile ile unaagiza, agiza na ile yenye laisini mbili badala ya arijinini, ni praima moja tu ya ziada, na usinitumie picha ya jeli kabla hujaziendesha zote mbili pamoja.